Istilahi za Lishe na Mgonjwa wa Kisukari: Mfano wa Nchi ya Mandawa

Mgonjwa wa kisukari aliyelazwa hospitalini huletewa chakula chake katika sahani, naye muuguzi hukiona akilacho na akiachacho. Mgonjwa wa nje hatibiwi hivyo. Yeye hufika asubuhi, hupimwa sukari ya damu, hupewa dawa zake pamoja na maneno machache juu ya chakula, kisha hurudi kwao. Na huko kwao, aketipo mbele ya sahani ya ugali, hana daktari wala muuguzi. Ana yale maneno tu. Maneno yakieleweka yatamwongoza. Yasipoeleweka, ama atakula kama alivyokula jana, ama ataogopa kula kabisa. Basi katika tiba ya ugonjwa huu neno si pambo la dawa. Neno lenyewe ni sehemu ya dawa.

Maneno hayo, yaani wanga, protini, makapi-mlo, nishati-lishe, lehemu na mengineyo, leo yamo katika vitabu na machapisho ya lishe ya Tanzania. Aghalabu hudhaniwa kwamba neno likiisha sanifiwa kazi imekwisha, na kwamba mgonjwa asipolielewa kosa ni la elimu yake ndogo. Makala haya yakusudia kuonyesha kwamba sivyo. Kila neno katika hayo lina historia yake, na mengi kati yao yalizaliwa ili kuitumikia haja nyingine, wala si haja ya mgonjwa wa kisukari. Mfano utachukuliwa katika nchi ya Mandawa na jirani zake, Ruangwa na Nachingwea, kwa sababu katika sehemu hiyo ya kusini haja mbalimbali za watu waliotaka kukipa chakula majina zimepita moja baada ya moja, na kila iliyopita iliacha alama.

Mandawa ni kata ya Wilaya ya Ruangwa katika Mkoa wa Lindi. Zamani nchi hiyo ilikuwa chini ya Wilaya ya Nachingwea, mpaka Ruangwa ilipofanywa wilaya ya peke yake mwaka 1995. Na Nachingwea nayo ilikuwa ndani ya Mkoa wa Mtwara mpaka Mkoa wa Lindi ulipoundwa mwaka 1971. Wenyeji wengi ni Wamwera, na pamoja nao wako Wamakonde, Wayao na Wamakua. Ni watu wa jembe. Hulima mtama, mahindi na muhogo. Hulima mbaazi, kunde, njugu mawe na karanga. Na kwa ajili ya fedha hulima korosho na ufuta. Tena huchimba ming'oko, viazi vya mwitu ambavyo watu wa Lindi na Mtwara huvila hata wakati wa shibe, licha ya wakati wa upungufu. Kwao, kama kwa watu wengi wa Afrika Mashariki, chakula kwa maana yake kamili ni ugali, au muhogo, au kitu kingine kizito cha kushibisha. Vilivyobaki ni mboga au kitoweo. Mgawanyo huu wa vitu viwili ndio wa asili, nao haukutungwa na kamati yo yote.

Kiswahili si kigeni katika nchi hizo. Misafara ya Kilwa na Lindi ilizipita kwa muda mrefu kabla Wadachi hawajafika. Na mwaka 1876 Edward Steere, ambaye kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili kilikuwa kimechapishwa mwaka 1870, aliwaongoza kutoka Unguja watu waliokombolewa utumwani, akaanzisha pamoja nao makao ya misheni huko Masasi, jirani ya Nachingwea. Walakini Kiswahili kilikuja kwanza kama lugha ya biashara, ya dini, ya shule na ya serikali. Lugha ya nyumbani ilibaki Kimwera, na lugha ya nyumbani ndiyo lugha ya jikoni.

Kazi ya kusanifisha Kiswahili ilianza kwa haja ya shule. Mkutano wa elimu uliofanyika Dar es Salaam mwaka 1925 ulilieleza jambo hilo. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulikubali Kiunguja kiwe msingi. Na tarehe 1 Januari, 1930, Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki ilianza kazi, katibu wake wa kwanza akiwa Frederick Johnson. Kamusi yake ya Kiswahili kwa Kiswahili ilitoka mwaka 1935, na ile kubwa ya Kiswahili kwa Kiingereza ilitoka mwaka 1939, miaka miwili baada ya kufa kwake. Kamati ilishughulika na tahajia na vitabu vya wanafunzi, wala hapana haki ya kuilaumu kwa hilo, kwa kuwa shule zilihitaji vitabu vinavyosomeka Tanga na Mombasa vile vile. Maneno ya chakula na ya mwili yaliingizwa katika kamusi kama yalivyosikiwa pwani. Hayakupimwa kama yangeweza kubeba mzigo wa elimu ya tiba.

Tena ugonjwa wenyewe haukuwa ukisemwa sana. Katika miaka hiyo madaktari wengi waliotumikia Afrika Mashariki waliuhesabu kuwa adimu kwa Waafrika. Jina lake, kisukari, katika masoko lilikuwa, na hata leo ni, jina la aina ya ndizi fupi tamu. Neno sukari limetoka katika Kiarabu, nacho kililipokea kwa njia ya Kiajemi kutoka lugha ya kale ya Bara Hindi, ambako maana yake ya kwanza ilikuwa changarawe. Na waganga wa kale wa Bara Hindi nao waliuita ugonjwa huu kwa utamu, wakisema kwamba mkojo wa mgonjwa ni kama asali. Kwa hiyo waliouita kisukari hawakukosea. Wamo katika safu moja na wataalamu wa zamani sana. Lakini jina hili lina hatari yake. Limetokana na kitu kitokacho mwilini, na mgonjwa hulisikia kana kwamba ni la kitu kiingiacho. Huelewa kwamba adui wake ni sukari ya dukani, ile ya kutia katika chai, na akiisha kuiacha hujiona kwamba ametii amri yote.

Baada ya Vita Kuu ya Pili chakula cha nchi ya Nachingwea kilipewa jina jipya kutoka mbali. Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula, na mwaka 1946 serikali yake ilituma ujumbe ulioongozwa na John Wakefield kuchunguza kama karanga zingeweza kulimwa kwa mashine katika Tanganyika na nchi za jirani. Ujumbe ulipendekeza mashamba ya zaidi ya ekari milioni 3. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947, kisha ikapelekwa Urambo na Nachingwea. Msitu ukasafishwa kwa matrekta, reli ikajengwa kutoka pwani ya Lindi, na bandari ya maji marefu ikajengwa Mtwara. Mnamo Januari 1951 serikali ilitangaza kwamba mpango umevunjwa, baada ya kupotea pauni milioni 36 hivi. Reli nayo ilifungwa katika miaka ya 1960.

Hasara ya mpango ule imesimuliwa mara nyingi. Linalohusu hapa ni jambo jingine, nalo ni dogo kwa sura lakini kubwa kwa maana. Katika hesabu za London karanga ilikuwa mafuta: iliandikwa kwa tani, ikangojewa na watengenezaji wa majarini. Katika nyumba ya Mmwera karanga ilikuwa kitoweo: mama aliiponda, akaitia katika mboga za majani, ugali ukashuka vizuri. Kitu ni kile kile, kimetoka katika udongo ule ule. Kilichotofautiana ni haja ya mwenye kutaja. Hapa ndipo ionekanapo kanuni ambayo historia yote inayofuata itaithibitisha, ya kwamba majina ya makundi ya chakula hayatoki katika chakula chenyewe, bali hutoka katika shida ya yule akigawaye.

Baada ya uhuru shida kubwa ilikuwa njaa, hasa njaa ya watoto. Ugonjwa wa watoto wavimbao miguu na kubadilika nywele ulikuwa umeelezwa na daktari Cicely Williams huko Gold Coast katika miaka ya 1930, naye alitumia jina la wenyeji, kwashiorkor. Katika Kiswahili liligeuka kuwa kwashakoo, na baadaye likatumiwa pia unyafuzi. Neno utapiamlo likapatikana kwa hali nzima ya upungufu wa chakula kifaacho. Neno lishe nalo, lililotokana na kitenzi kulisha, likapata cheo cha kuwa jina la elimu nzima. Mwaka 1967 Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria, na mwaka 1973 ikatungwa sheria ya kuanzisha Taasisi ya Chakula na Lishe. Mwaka huo huo wa 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya, na mwaka 1975 ikafuata ile ya Chakula ni Uhai, zote mbili kwa njia ya redio, vitabu na vikundi vya kusoma vijijini. Ilikuwa miaka ya mvua haba na ya watu kuhamia vijiji vya pamoja, na serikali ililazimika kununua nafaka nchi za nje. Jina lenyewe la kampeni ya mwaka 1975 latosha kuonyesha hofu ya wakati ule: chakula ni uhai, basi akosaye chakula akosa uhai.

Katika mafundisho ya namna hiyo vyakula viligawanywa katika makundi matatu: vya kujenga mwili, vya kutia nguvu, na vya kulinda mwili. Ulikuwa mgawanyo mzuri sana kwa kazi yake. Mzazi ambaye hakusoma kemia aliweza kuuelewa, kwa sababu kila kundi lilitajwa kwa tendo wala si kwa dutu. Karanga, ambayo London iliiita mafuta, sasa ikawa chakula cha kujenga mwili, ikasifiwa iongezwe katika uji wa mtoto. Na ugali, muhogo na viazi vikawa vyakula vya kutia nguvu. Yafaa kulitazama vizuri neno hili nguvu. Kwa mkulima nguvu ni sifa. Ndiyo imwezeshayo kulima tangu alfajiri, ndiyo imtofautishayo mzima na mgonjwa. Kukiita chakula cha kutia nguvu ni kukipa heshima kubwa kuliko vyote. Katika vita dhidi ya utapiamlo heshima hiyo haikuwa na madhara. Madhara yalikuja pale maneno yale yale yalipoitwa kupigana vita vingine.

Ili kuelewa vita hivyo vingine yapasa kurudi nyuma kidogo, na kutoka nje ya Afrika. Insulini ilipatikana Toronto mwaka 1921, na mgonjwa wa kwanza alidungwa mwezi wa Januari 1922. Kabla ya hapo tiba iliyoweza kurefusha maisha ilikuwa kumnyima mgonjwa chakula. Insulini iliondoa njaa hiyo, lakini ilileta sharti jipya: kiasi cha chakula kilingane na kiasi cha dawa. Hapo ndipo ilipohitajiwa lugha ya vipimo. Daktari R. D. Lawrence wa London, ambaye mwenyewe alikuwa mgonjwa wa kisukari na aliyeponyoka kifo kwa insulini mwaka 1923, alitunga utaratibu wa mafungu, fungu jeusi likiwa na gramu 10 za kabohaidreti. Mwaka 1950 vyama vya wataalamu wa kisukari na wa lishe vya Marekani, pamoja na idara ya afya ya serikali yao, vilitoa orodha za vyakula vya kubadilishana, ili mgonjwa aweze kuacha kipande cha mkate na kula kiazi cha kadiri ile ile. Tena mwaka 2003 wataalamu wa lishe wa Marekani waliafikiana juu ya utaratibu mmoja wa huduma wenye hatua nne, yaani tathmini, utambuzi, afua na ufuatiliaji, na istilahi moja ya kuandikia hatua hizo. Fadhila ya kazi hizo ni kwamba zilianza kwenye sahani: Lawrence aliwapimia watu wa London vitu walivyokula watu wa London.

Katika Tanzania ugonjwa ulipoanza kuchunguzwa kwa makini vijijini, kwa kazi ya Profesa Donald McLarty na wenziwe, matokeo yaliyotolewa mwaka 1989 yalionyesha kwamba katika vijiji sita waliokuwa nao hawakufika hata mtu mmoja katika kila watu wazima 100. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2012, kwa watu wa umri wa miaka 25 hadi 64, ulionyesha 9 hivi katika kila 100. Hesabu hizi mbili hazifai kulinganishwa moja kwa moja, kwa kuwa umri wa waliopimwa na njia za kupima hazikuwa sawa. Hata hivyo hapana shaka kwamba ugonjwa uliohesabiwa kuwa adimu sasa ni ugonjwa wa watu wengi. Wengi wa hao ni wagonjwa wa nje. Na wahudumu walipotafuta maneno ya kuwaambia wagonjwa hao, waliyachukua yale yaliyokuwapo, yaani maneno ya shule, ya kamusi na ya vita vya njaa.

Neno la kwanza ni wanga. Katika matumizi ya zamani ya pwani lilikuwa jina la unga mweupe laini utokao katika viazi vya mwitu. Wakati huo huo wanga ni wingi wa mwanga, yaani mchawi atembeaye usiku. Vitabu vya sayansi vililichagua kwa maana ya dutu iliyomo ndani ya nafaka na mizizi, nalo likakaa. Lakini mtu asiyesoma sayansi haoni wanga katika ugali wake, aona ugali. Aambiwapo apunguze wanga, akili yake hutafuta kitu kiitwacho hivyo ndani ya nyumba, wala haikipati. Na mhudumu akitaka kumsaidia, akamwambia kwamba wanga ni vyakula vya kutia nguvu, humwingiza katika tatizo kubwa zaidi, kwa kuwa sasa mkulima ameshauriwa na mtu wa hospitali apunguze nguvu zake. Wataalamu wameliona jambo hilo, ndiyo maana badala ya nguvu wamependelea nishati, na nishati-lishe. Kwa mwanafunzi neno hili ni bora. Lakini kwa mwanakijiji nishati ni neno la umeme na mafuta ya petroli.

Neno la pili ni makapi-mlo, lililotumiwa na wataalamu wa lishe kwa zile nyuzinyuzi za chakula zisizosagika tumboni. Makapi ni yale yapeperushwayo na upepo wakati wa kupeta, yasiyo na faida ila kwa kuku. Mgonjwa aambiwa ale makapi kwa wingi. Historia ya jambo hili yastaajabisha. Miongoni mwa watu waliofanya dunia ithamini nyuzinyuzi hizo ni Hugh Trowell na Denis Burkitt, madaktari waliofanya kazi katika hospitali ya Mulago, Uganda. Trowell, aliyefika Afrika Mashariki mwaka 1929, alikuwa pia mmoja wa wachunguzi wakubwa wa kwashakoo. Waliona kwamba magonjwa mengi yaliyokuwa ya kawaida Ulaya, kisukari kikiwa kimojawapo, yalikuwa machache kwa watu waliokula vyakula visivyokobolewa, na mwaka 1975 walitoa kitabu juu ya vyakula vilivyokobolewa na magonjwa yake. Kwa hiyo elimu hii ilisomwa kwenye sahani za Waafrika, ikapelekwa Ulaya ikapewa jina, kisha ikarudi kwa wenyewe kwa jina la makapi. Mtama wa kutwangwa na mbaazi za Mandawa ni vyakula vya namna hiyo hiyo. Lakini ni vigumu mtu kukitambua chakula cha babu yake katika jina hilo.

Lehemu nayo, iliyochaguliwa kwa kolesteroli, kwa fundi ni risasi ya kuungia bati. Wala si kwamba neno la asili lingekuwa bora siku zote. Protini iliwahi kuitwa utomwili, kutokana na uto na mwili. Lakini uto kwa watu wengi ni mafuta, mathalani uto wa ufuta, na protini si mafuta. Neno la kigeni, ambalo halikuwa na maana nyingine ya kulipotosha, limeshinda, na limestahili kushinda. Basi tatizo si ugeni wa neno wala uzawa wake. Tatizo ni kama neno lamwelekeza msikilizaji kwenye kitu cha kweli anachoweza kukitia mkono.

Karanga yatoa ushahidi wa mwisho. Kwa miaka mingi mafunzo ya lishe ya Tanzania yalizitia karanga na mbaazi katika kundi moja, pamoja na nyama na samaki. Kwa mzazi wa mtoto mwenye unyafuzi kundi hilo latosha, maana vyote hujenga mwili. Kwa mgonjwa wa kisukari halitoshi. Katika gramu 100 za karanga kabohaidreti ni gramu 16 hivi, na mafuta karibu 50. Katika gramu 100 za mbaazi kavu kabohaidreti ni zaidi ya 60, ijapokuwa sehemu yake ni nyuzinyuzi, na mafuta ni kidogo sana. Karanga haziinui sana sukari ya damu, lakini zaweza kumwongezea uzito alaye bila kiasi. Mbaazi ni chakula chema kwake, kwa kuwa huyeyuka polepole, lakini lazima zihesabiwe pamoja na ugali, wala si kama nyama. Hivyo karanga, iliyoitwa kitoweo na Mmwera, mafuta na London, na chakula cha kujenga mwili na kampeni, yahitaji kuelezwa kwa namna ya nne. Anayemfundisha mgonjwa kwa jina la tatu peke yake hasemi uongo; hujibu swali ambalo mgonjwa hakuliuliza.

Madhara ya kutoelewana huko si ya kitabuni. Yako ya namna mbili. Mgonjwa wa kwanza ameacha sukari ya chai, lakini ala sahani nzima ya ugali wa muhogo asubuhi na jioni, kwa kuwa ugali si mtamu na hakuna aliyemwambia kwa neno alielewalo kwamba ugali mwilini hugeuka glukosi. Sukari yake hubaki juu. Miaka ikipita macho, figo na miguu huharibika, naye hulaumiwa kwamba ni mkaidi. Mgonjwa wa pili ameogopa. Amesikia kwamba wanga ni sumu kwake, basi hula mboga tupu, huku akiendelea kujidunga insulini au kumeza vidonge viteremshavyo sukari. Sukari yake hushuka mno. Hutokwa na jasho, hutetemeka, na asipopata kitu kitamu upesi aweza kuzirai na hata kufa. Wote wawili walipewa maneno sanifu, na wote wawili walijitahidi kutii.

Je, ni heri basi kuacha kusanifisha, kila mhudumu aseme apendavyo? Haiwezekani. Mgonjwa wa Mandawa leo atibiwa karibu na kwao, kesho apelekwa Lindi au Ndanda, na kesho kutwa amfuata mwanawe Dar es Salaam. Akisikia makapi-mlo mahali pamoja, nyuzinyuzi pa pili na ufumwele pa tatu, atadhani ameambiwa mambo matatu. Cheti chake cha kliniki kisomwe na mganga asiyemfahamu, na kisomeke kwa maana moja. Kazi zilizofanywa katika chuo kikuu cha Dar es Salaam, kama vile Kamusi ya Tiba ya mwaka 2003, na kazi za Baraza la Kiswahili la Taifa, zilikuwa za lazima. Lakini neno sanifu lasaidia upande mmoja wa meza, yaani wahudumu waelewane wao kwa wao. Upande wa pili wataka daraja, na daraja hilo halijengwi kwa kamusi.

Historia iliyosimuliwa yaonyesha ni wapi daraja hilo lianzie. Mgawanyo wa asili wa chakula na kitoweo, ambao elimu ya lishe iliupita bila kuutazama, wakaribia sana kuwa ule autakao mgonjwa wa kisukari, kwa kuwa kile kiitwacho chakula karibu chote ni wanga. Mhudumu asemaye, "Chakula kiwe kadiri ya ngumi yako, mboga za majani zijaze nusu ya sahani, wala usikose kula wakati wa dawa," ametoa kipimo, ametaja kitu, wala hakumnyang'anya mtu nguvu zake. Akiisha kusema hivyo, na aongeze kwamba hicho chakula kitabuni huitwa wanga. Hapo neno sanifu litakuwa limepata mahali pa kukaa. Ming'oko, makopa na mtama vipimwe na viingizwe katika orodha kwa majina yao, kama mkate na viazi vilivyoingizwa katika orodha za London na za Marekani.

Neno istilahi lenyewe lina jambo la kufundisha hapa. Limetoka katika Kiarabu, na asili yake ni moja na ya suluhu na maslahi; maana yake ni kile ambacho watu wamekubaliana. Katika karne iliyopita maneno ya chakula yamekubaliwa na kamati za shule, na wafanya biashara ya mafuta, na viongozi wa kampeni, na watunga kamusi, kila mmoja kwa maslahi yaliyomkabili. Aketiye na sahani yake huko Mandawa hajaitwa bado katika makubaliano hayo, naye ndiye pekee ambaye neno likikosewa hulipa kwa macho yake au kwa mguu wake. Siku atakapoitwa na kusikilizwa, istilahi za lishe zitakuwa istilahi kwa maana kamili ya neno hilo.